Mwanamke wa Kikapu Chekundu

Nilikwenda matanga ya Bi Zena na kinyongo changu, sifichi. Wenzangu huvua vinyongo vyao mlangoni pamoja na viatu. Mimi nilipanda nacho ngazi mpaka juu, nikakaa nacho mkekani, nikanywa nacho kahawa. Nilitoka Kibarani ninakokaa sasa alfajiri, nikafika Malindi watu bado wanasoma, na chumba nikakikuta kilekile. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyingine, lakini dirisha lilikuwa palepale, lile la mbao tatu linalotazama juu ya mapaa ya bati hadi kwenye gati, na chini yake kibao kirefu tulichokuwa tukikalia wasichana watatu, magoti yamegusana. Nilikitazama kile kibao nikasikia harufu ya bafta mpya na ya tangawizi, ingawa hapakuwa na bafta wala tangawizi. Nilikuwa sijaingia chumba kile tangu nilipokuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nikipita chini barabarani, siku za Idi, nampigia salamu kutoka chini, "Shikamoo Bi Zena!" naye anaitikia marahaba kutoka juu, basi. Miaka yote hiyo. Mtu akiniuliza mbona hupandi, nasema magoti.

Mwaka ninaousema ni themanini na tatu. Mwezi wa Januari shangazi yangu aliyenilea alinitoa shuleni. Hakunitoa kwa ubaya. Alikuwa ameitwa na walimu mara tatu, na mara zote alielezwa jambo moja: mtoto huyu haandiki kilichoko ubaoni, anaandika vya kwake. Nilikuwa mrefu kuliko wenzangu, nikawekwa nyuma kabisa, na kutoka kule ubao ulikuwa kipande cha weusi chenye vumbi. Nilikuwa nikinakili kwa msichana wa pembeni yangu, naye alipohama, akili yangu ilihama naye. Nilikunja uso nione, mwalimu akadhani namdharau. Kichwa kiliniuma kila siku kufikia adhuhuri. Shangazi akanipeleka kusomewa, nikanyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, kichwa kikaendelea kuuma, mwishowe akasema, "Ubao haumwingii huyu. Si wote walioumbiwa ubao." Sikubisha. Mimi mwenyewe niliamini hivyohivyo.

Na wallahi sikujua kuwa sioni. Ningejuaje? Mti kwangu ulikuwa wingu la kijani lenye mguu mmoja. Watu wakitoka mbali walikuja kama rangi zinazoelea, leso ya manjano, kanzu nyeupe, halafu wakikaribia wakaota pua na macho. Nilimjua kila mtu kwa mwendo wake na sauti yake kabla sijauona uso. Taa za jioni zilikuwa kubwa kama machungwa, na kingo zake zilitetemeka. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo, na sasa nikiikumbuka, ilikuwa dunia nzuri sana. Hakuna kitu kilichokuwa na makali. Hata leo nikichoka na watu huvua miwani yangu nikarudi kule kidogo.

Basi nikapelekwa kwa Bi Zena nijifunze kushona kofia. Alikuwa mjane wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na kofia zake za mkono zilijulikana pwani yote, hata watu wa Lamu ambao hawasifu kitu cha mtu walizisifu. Kofia ya mkono ni kazi ya vitundu. Unachora ua juu ya bafta nyeupe, unatoboa vitundu vidogo kuliko punje ya mtama, halafu unazungushia kila kitundu uzi mweupe, kimoja kimoja, mamia kwa mamia, miezi miwili mitatu kwa kofia moja. Weupe juu ya weupe. Wasichana wenye macho mazuri walilia machozi siku ya kwanza. Mimi niliinama, nikaleta kile kitambaa karibu na pua, na kwa mara ya kwanza maishani kila kitu kikawa wazi. Niliona nyuzi za bafta zinavyopishana. Niliona unyoya wa uzi. Bi Zena alichukua kazi yangu wiki ya pili, akapapasa vitundu kwa ncha ya kidole, akasema, "Nani kakufunza wewe?" Nikasema hakuna. Saumu, binti wa jirani aliyekuwa akishona karibu yangu, akaniminya paja. "Haya, zuzu wa shule umepata ubingwa," akasema, na sote tukacheka. Nilikuwa sijasifiwa kwa lolote kwa muda mrefu. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Bi Zena alikuwa na sheria zake za macho, na ole wako uvunje. Mwanga uingie kutoka bega la kushoto, usikuingie usoni wala usiuzibe kwa mkono. Jua la saa saba weka kazi chini, maana weupe hurudisha jua machoni. Pepesa. Alikuwa akipita nyuma yetu na kutugonga kisogoni, "Pepesa wewe! Mjusi huyo unataka kumshinda?" Baada ya Maghrib sindano haishikwi. Na juu ya zote, adhana ya alasiri ikiisha na sala ikishaswaliwa, tuliitwa dirishani. Kahawa ilikuja, na mahamri yaliyobaki asubuhi, na siku za bahati kaimati. "Jicho likikaa ndani kutwa huwa mwali," alikuwa akisema. "Litoeni likatembee." Kila mmoja alitakiwa kutazama mbali kabisa na kutaja kitu kimoja alichokiona, na kilichotajwa na mwenzio hakirudiwi. Saumu angesema anaiona ile nguzo nyeupe ya Wareno kule kwenye rasi. Mwenzake angesema anamwona mtu juu ya paa la msikiti anaziba bati. Bi Zena mwenyewe alitaja vitu vya mbali mno, rangi ya bendera, mbuzi aliyepanda ngalawa iliyopinduliwa ufukweni, na wote wakitazama wakaviona.

Zamu yangu ilikuwa ya mwisho, na mimi nikitazama dirishani nilikuwa naona buluu juu, buluu chini, na kahawia katikati. Nikadhani wenzangu wanasimulia. Nikadhani ndio mchezo wenyewe, kila mtu atunge chake. Nikasema, "Namwona mwanamke amebeba kikapu chekundu, mwisho wa gati." Sijui nilimtoa wapi. Siku ya pili akarudi, ameweka kikapu chini. Siku ya tatu amekaa juu ya kikapu, anamngoja mtu. Saumu akawa ananidai habari zake tangu asubuhi. "Huyo mwanamke wako kapata mume? Kikapuni mna nini leo?" Nikasema maembe, nikasema nguo za mtoto, nikasema paka. Bi Zena hakucheka. Alikuwa akinitazama, na mimi kwa umbali ule wa mikono miwili niliweza kuona kwamba ananitazama.

Na mimi nilikuwa na siri yake. Yeye kitu cha karibu alikuwa hakioni. Niligundua mwezi wa Machi, alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano amenyoosha mkono mbele kana kwamba sindano inanuka, akakosa, akakosa tena, halafu akaulamba uzi akakosa mara ya tatu. Nilimpokonya kimyakimya nikamtungia. Kesho yake nilimkuta ameacha kazi yake mahali ninapokaa, vitundu kumi hivi amevichora bila kuvishona. Nikavishona. Kufikia masika nusu ya kofia zilizotoka kwa jina la Bi Zena zilikuwa za mkono wangu, na mojawapo ilikuwa kubwa kuliko zote: kofia ya mwanawe wa pekee, Athumani, aliyekuwa aoe mwezi wa Disemba. Bi Zena alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba mwanawe ataingia nikahini na kofia iliyoshonwa na mama yake mwenyewe, tundu kwa tundu. Miwani? Thubutu! Fundi wa kofia akivaa miwani, mjini wataambiana Bi Zena kwisha. Basi nikawa macho yake ya karibu, na nilipenda kuwa macho ya mtu. Bora niseme ukweli, nilijivuna.

Siku moja ya Mei ilinyesha mvua ya kufunika mji. Tuliposimama dirishani wenzangu walisema hawaoni kitu leo, kweupe kama maziwa, hata paa la jirani halionekani. Mimi kwangu hapakuwa na tofauti kubwa. Nikasema kama kawaida, "Namwona mwanamke wa kikapu chekundu, amejitanda leso, analowa." Kikawa kicheko! Saumu alijishika mbavu. "Unamwona? Mwisho wa gati? Na mvua hii? Haki ya Mungu, una macho ya malaika!" Nikahisi uso unawaka, na kwa mara ya kwanza likanipita wazo baridi kwamba wenzangu huwa hawatungi. Lakini Bi Zena akapiga kofi kwenye mbao ya dirisha. "Nyamazeni! Kama kamwona, kamwona. Rudini kazini." Akanishika bega akanirudisha kwenye kibao, akaniwekea bafta magotini, upole ambao hakuwa nao kwa kawaida. Nikamshukuru moyoni. Nilidhani amenisitiri.

Yakapita hivyo mpaka Novemba. Mchana mmoja nilikuwa chumba cha ndani nafua uzi, shangazi akaja kuzungumza na Bi Zena barazani, na mimi masikio yangu, alhamdulillahi, hayajawahi kuwa na tatizo. Shangazi alisema mwalimu mkuu amempelekea neno: msichana asipoonekana Januari, jina lake linafutwa, nafasi apewe mwingine. "Nami nimeona lifutwe tu," akasema. "Huko shule atafanya nini? Kazi ya mkono anaiweza. Na kuna watu wa Takaungu wameuliza habari zake. Mwaka ujao namwoza, nipumue." Nilikuwa nikiota shule, jamani. Nilikuwa nikiota nimeketi mbele kabisa na ubao uko karibu na pua yangu kama bafta. Nilingoja Bi Zena aseme kitu, hata kimoja. Nikasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Halafu akasema, "Nipe siku mbili na huyu mtoto. Nataka tukanunue uzi Kilifi."

Uzi haukununuliwa. Tulishuka Kilifi tukaenda moja kwa moja kwenye zahanati ambako siku hiyo palikuwa na daktari wa macho, kijana wa bara mwenye koti jeupe na haraka nyingi. Alinikalisha kwenye kiti.

"Soma hizo herufi kutoka juu," akasema.

"Zipi?"

"Hizo kwa ukuta."

"Naona karatasi."

"Na kwa hiyo karatasi unaona nini?"

"Weupe," nikasema.

Haraka yake yote ikaisha. Alinivika chuma kizito puani, kama miwani isiyo na vioo, akaanza kutia vioo kimoja baada ya kingine, "Hiki? Ama hiki?" na kwenye kioo cha nne au cha tano ule ukuta ukaota herufi. Nikazisoma mpaka chini. Akaniambia nisimame na kile chuma changu nitazame nje dirishani. Pale chini palikuwa na maji ya ghuba na kivuko kinakuja, na juu ya kivuko palikuwa na watu. Si rangi. Watu! Mmoja alikuwa akijikuna mgongo kwa ufunguo. Nilimtazama mtu yule akijikuna hadi nikalia. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuwa mbali hivyo na bado akawa mtu. Daktari akawa anaeleza nyuma yangu kwamba macho yangu hayana ugonjwa, yanaona karibu tu, hata nisingeshika sindano yangekuwa hivyo. Ila kuinama kutwa na kukunja uso ndiko kulikokuwa kukiniumiza kichwa. Akauliza kama huwa napumzika. Nikasema tunatazama mbali kila alasiri, mwanga tunauweka kushoto, tunapepesa. "Nani amekufundisha?" Nikamwonyesha Bi Zena. "Amekufundisha vizuri sana," akasema, akatoka kwenda kuandika karatasi ya miwani.

Bi Zena alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani. "Nilijua," akasema. "Nilijua tangu siku ya mvua."

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikahesabu. Juni, Julai, nikahesabu mpaka Novemba.

"Miezi sita, Bi Zena!"

"Niliyahitaji macho yako, mwanangu. Kofia ya Athumani haijesha. Nilisema ikiisha nitasema. Kila siku nilisema kesho." Machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyapangusa. "Nisamehe."

Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilikuwa nimenyimwa dunia miezi sita na mtu aliyekuwa akinilisha kaimati. Hasira ile siwezi kuieleza, nikiikumbuka mpaka leo masikio yananichemka. Daktari akarudi na karatasi, akamwona mama mtu mzima analia, akamwambia kwa upole, "Na wewe mama, kaa hapa nikuangalie pia. Ni dakika kidogo."

"Mimi mzima," akasema Bi Zena, akijipangusa haraka. "Mimi naona mpaka Lamu."

Daktari akanigeukia mimi. "Ni ukweli? Anaona vizuri?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Ningesema tu, hawezi kutunga sindano. Maneno matatu. Bi Zena alinitazama, na sijui kama macho yake yaliniomba niseme au nisiseme. Nimejiuliza maisha yangu yote. Nikasema, "Anaona."

Miwani ilifika kutoka Mombasa baada ya wiki tatu, mizito, ya kahawia, na shangazi alipiga kelele siku ile, "Nani atamwoa mwali mwenye vioo usoni?" lakini alipokwisha kunisikia nikimsomea ile kalenda ya ukutani kutoka mlangoni alikaa kitako akaomba radhi kwa Mungu, na Januari nikarudi shuleni. Kwa Bi Zena sikurudi. Aliniletea salamu mara mbili kwa Saumu, na mara zote nikasema nina masomo. Kofia niliiacha nusu. Disemba ileile Athumani aliingia nikahini, na Saumu akanihadithia alivyowasikia wanawake wananong'ona ukumbini: upande mmoja wa kofia ni kazi ya peponi, upande wa pili vitundu vimetawanyika kama kuku wamevidonoa. Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka sana.

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na kitu. Kila Januari, kabla sijaandika tarehe, nilikuwa nikiwasimamisha watoto nyuma ya darasa mmoja mmoja, namwuliza kila mmoja nimeinua vidole vingapi, na wale waliosema "vyote" niliwaleta mbele na kumwita mzazi siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, si kesho. Wajukuu zangu nikiwaona wameinamia simu kutwa nawapiga kisogoni, "Pepesa wewe!" na nikishasema hivyo nasikia sauti si yangu. Nilichukua kila kitu chake, sheria zote, isipokuwa yeye.

Sasa yule Athumani ni mzee wa ndevu nyeupe. Wanawake walipopungua alipanda juu, akanijua kwa miwani, akakaa mlangoni. Aliniambia mama yake aliishi kipofu miaka kumi na saba ya mwisho. Presha ya macho. Ilikuwa ikimla polepole tangu zamani, naye hakumwambia mtu, na alipokubali kupelekwa hospitali daktari alisema angeonwa mapema, huenda pangebaki kitu. "Lakini mama unamjua," akasema. "Mficha maradhi." Hakuimalizia methali. Nilitazama mkeka. Kile kinyongo nilichopanda nacho ngazi nilikitafuta, sikukiona tena mahali pake, na kilichokaa pale kilikuwa kizito zaidi. Yeye alininyamazia miezi sita akalia akaniomba radhi. Mimi nilimnyamazia mpaka akazikwa.

Athumani akatoa kofia kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa imegeuka rangi ya siagi. "Hii aliniambia nikupe," akasema. "Alinishonea mwenyewe yote. Sijui kwa nini wewe." Nilivua miwani, maana kitu cha karibu naona kwa macho matupu mpaka leo, nikaileta puani. Upande wangu ulikuwa umenyooka. Halafu ukaja mstari ambapo mkono mmoja umeachia na mwingine umepokea, na kutoka hapo vitundu vilikwenda kombo, vingine vimeshonwa mara mbili, kwingine uzi umekosa kitundu kabisa, na juu ya kimoja palikuwa na alama kahawia ndogo ambapo sindano ilimpata kidole. Hakuruka hata kimoja. Alivishona vyote, peke yake, bila macho.

"Kitu kimoja kilikuwa kinatushangaza," Athumani akasema. "Hata alipokuwa haoni kabisa, alasiri ikifika lazima aletwe hapo dirishani. Tukimwuliza, mama, umeona nini leo, anasema namwona mwanamke amebeba kikapu chekundu, mwisho wa gati. Kila siku. Siku nyingine anasema bado anangoja, jamani, hajachoka? Tulidhani ni uzee. Wewe unamjua ni nani?"

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Niliinuka, nikavaa miwani, nikasogea dirishani, na kwa vioo vyangu vya sasa, ambavyo ni vizuri mno, nililitazama gati lote mpaka mwisho wake, kila mbao na kila nguzo. Hapakuwa na mtu.

"Namwona," nikamwambia. "Yule pale. Ameinuka, anaondoka."